Kwa Miguu Katika Mji wa Sisibo

Mgeni afikaye Eldoret alfajiri kwa basi la kutoka Nairobi hushuka akitetemeka. Mji huu uko juu sana, futi 7,000 hivi toka usawa wa bahari, na baridi ya saa kumi na mbili asubuhi si ya mzaha. Huyaona malori marefu ya mafuta yaelekeayo Malaba, huziona nyumba za ghorofa zenye vioo, huwasikia vijana wa bodaboda wakimwita wote kwa pamoja. Naye hudhani kwamba mji huu ni wa jana, wala hauna la kale la kumwonyesha mtu. Hunywa chai yake, humaliza shughuli yake ya benki au ya hospitali, kisha hupanda basi tena. Wako watu waliofika Eldoret mara ishirini kwa namna hii, na hawajapata kuiona hata mara moja.

Safari ya leo ni ya mtembezi asiye na haraka. Hahitaji kitu ila viatu imara, koti la mvua na ulimi wa adabu. Naye aanzie mtoni.

Mto Sosiani hupita katika mji ukishuka kwenda kuungana na Kipkaren, kisha Nzoia, mpaka Ziwa Victoria. Siku hizi si mto wa kunywesha macho. Taka za mji huangukia humo, na penye kivuko mtu huona vijana wakiosha magari kwa maji yaleyale ambayo jirani wa chini atayateka kwa mboga zake. Lakini mtembezi ayatazame mawe. Mto umejaa mawe, makubwa na madogo, meusi, yaliyolainishwa na maji ya miaka isiyohesabika. Kwa mawe hayo mji ulipata jina lake. Wamasai waliokaa hapa zamani waliuita mto wa mawe "eldore". Walipokuja Wazungu likatiwa herufi T mwishoni, likafanana na maneno ya Kinandi ambayo mengi huishia hivyo. Basi jina Eldoret ni la Kimasai lililovikwa kofia ya Kinandi na mikono ya Wazungu, na hapo peke yake pana historia ya nusu ya nchi hii.

Hata kaunti yenyewe jina lake ni la watu waliokwisha kuondoka. Uasin Gishu lilikuwa kabila moja katika makabila ya Wamasai, na maana yake ni wenye ng'ombe wa mistari. Katika karne ya 19 Wamasai walipigana wao kwa wao vita vikali. Watu wa Uasin Gishu wakavunjwa, wakatawanyika, na nyanda zao zikawa malisho ya Wanandi na majirani zao. Ng'ombe wa mistari wakaenda, jina likabaki juu ya majani.

Kutoka mtoni mtembezi apande mpaka Uganda Road, njia kuu ya mji. Akimwuliza mzee yeyote wa Kinandi jina la mahali hapa, huenda asiambiwe Eldoret. Ataambiwa "Sisibo". Ni neno la Kiingereza lililokaa sana katika vinywa vya wenyeji hata likawa lao: sitini na nne. Mashamba ya uwanda huu yalipopimwa na kugawiwa Wazungu, kila moja lilipewa nambari, na shamba nambari 64 lilikuwa la Kaburu mmoja aitwaye Willy van Aardt. Wengine husema pia kwamba ni maili 64 kutoka kituo cha reli. Mwaka 1910 posta iliwekwa katika shamba hilo. Sababu yake huchekesha: ardhi yake ilikuwa na mawe mengi kuliko ya jirani, haikufaa sana kwa kilimo, basi wakaona heri ipewe posta. Mji wenye wakulima wa mahindi na ngano walio hodari kuliko wote katika Kenya ulisimamishwa mahali ambapo jembe lilishindwa.

Mwaka 1912 Gavana Sir Percy Girouard akaagiza pawe makao ya serikali, na jina likabadilika kuwa Eldoret. Mwaka uleule ikaja benki. Kisa cha benki hiyo husimuliwa mpaka leo, na kila asimuliaye huongeza chumvi kidogo. Husemwa kwamba kasha la chuma la kuwekea fedha lilikuja kwa gari la maksai, nalo likaanguka lilipokuwa likishushwa. Lilikuwa zito mno. Watu wakasukuma, wakavuta, wakachoka. Mwisho wakaliacha palepale lilipoanguka, wakaizungushia kuta za benki. Kama kisa ni kweli chote au nusu, ni juu ya msikilizaji. Lakini kinaonyesha jinsi vitu vya kigeni vilivyofika hapa: vikianguka, havinyanyuliwi tena, na nyumba hujengwa kuvizunguka.

Makaburu hao walikuja mwaka 1908 kutoka Afrika ya Kusini, baada ya vita vyao na Waingereza. Zaidi ya watu 200, wakiongozwa na Jan van Rensburg, walisafiri kwa meli mpaka Mombasa, kwa gari moshi mpaka Nakuru, kisha kwa magari ya maksai wakapanda milima na misitu na matope ya Timboroa, hata mwezi wa Oktoba wakauona mwamba wa Sergoit. Walikuwa wakulima wagumu, wamcha Mungu, na wakali kwa watumishi wao. Gari moshi lilifika Eldoret mwaka 1924, na mji ukakua haraka. Katika miaka ya 1950 Makaburu walikaa upande wa kaskazini wa barabara kuu na Waingereza upande wa kusini. Walikuwa wakisalimiana dukani, lakini kila mmoja na kanisa lake. Mwafrika hakuwa na upande. Alikuwa na kipande.

Karibu Makaburu wote waliondoka wakati wa Uhuru. Mtembezi akitafuta alama zao atazipata katika nyumba za mawe zenye mapaa ya mabati mekundu zilizobaki moja moja nyuma ya maduka, katika miwati iliyopandwa kwa ajili ya maganda yake, na katika Reformed Church of East Africa, kanisa ambalo mizizi yake ni katika kanisa la Makaburu na ambalo waumini wake leo ni Waafrika. Shule ya wasichana iliyoitwa Highlands, ambamo mtoto wa Kiafrika hakukanyaga ila kwa kufagia, leo ni Moi Girls. Na hospitali kuu ya Rufaa ya Moi, ambamo madaktari hufundishwa na wagonjwa huja kutoka magharibi yote ya Kenya, ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo ya Waafrika yenye vitanda 60. Mtembezi asimame langoni pake dakika tano tu, atazame watu waingiao na watokao, atausikia mji mzima ukizungumza: Kinandi, Kiluhya, Kikikuyu, Kiturkana, Kisomali, na Kiswahili kikiwafunga wote.

Lakini hapa mtembezi mwenye akili huanza kusumbuka. Alama zote hizi umri wake ni miaka 100 na ushei tu. Je, kabla ya nambari 64 palikuwa nini?

Wako waliojibu swali hilo kwa neno moja: tupu. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya mahali pa kukaa, na mahali alipopachagua ni uwanda huu huu wa Uasin Gishu. Wajumbe watatu wakaja kuutazama mwanzoni mwa mwaka 1905. Mkutano wa Wayahudi uliofanyika Basel mwaka uleule ukakataa. Hebu msomaji afikiri: kama wangekubali, leo duka la pembeni ya Uganda Road lingekuwa na maandishi ya Kiebrania. Wala hakuna mtu katika Uasin Gishu aliyeulizwa, kwa maana waliotoa nchi waliandika kwamba haina watu.

Na katika mwaka huohuo wa 1905, mwendo wa siku moja au mbili kwa mguu kutoka hapa, Wanandi walikuwa wakipigania nchi yao kwa mwaka wa kumi. Vita vyao na Waingereza vilianza mwaka 1895. Walikata nyaya za simu wakafanya mapambo, waling'oa misumari ya reli wakafua silaha. Reli yenyewe walikuwa wameiona kabla haijaja, kwa maana Kimnyole, Orkoiyot wao, yaani kiongozi na mwaguzi, alikuwa ametabiri juu ya nyoka wa chuma atemaye moshi. Mwanawe Kimnyole, Koitalel arap Samoei, ndiye aliyewaongoza katika vita. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikuja kuonana na Kapteni Richard Meinertzhagen kwa maneno ya amani, naye Kapteni akampiga risasi akafa. Vita vikaisha upesi baada ya hapo. Wanandi wakasukumwa katika mipaka waliyokatiwa, na miaka mitatu baadaye magari ya maksai ya van Rensburg yakapanda uwanda uliokuwa sasa mtupu kweli, maana ulikuwa umetupushwa.

Fimbo tatu za Koitalel zilizochukuliwa Uingereza zilirudishwa mwaka 2006, na ziko Nandi Hills. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 wakati Wanandi walipokuwa wakitayarisha sherehe ya kukabidhiana rika, ambayo serikali iliiogopa. Akakaa kizuizini mpaka mwaka 1964. Miaka zaidi ya 40. Mtu huyo alifungwa kabla gari moshi halijafika Eldoret, akafunguliwa Makaburu wakiwa wamekwisha kufunga mizigo.

Sasa mtembezi ashuke sokoni, maana si kila cha kale kimo katika vita.

Soko la Eldoret lina kelele za masoko yote: mitumba, viatu, viazi vya Burnt Forest, maembe na asali kutoka bonde la Kerio, mahindi ya Moiben. Apite yote hayo awatafute akina mama wenye vibuyu. Kibuyu cha maziwa, kiitwacho sotet, ni kirefu, chembamba shingoni, kina kifuniko cha ngozi, na vingine vimepambwa kwa shanga na simbi. Huyo akiona mama mmoja mzee ameketi nyuma ya vibuyu vyake, asianze kuuliza bei. Asalimu kwanza.

"Chamgei, kogo."

"Chamgei mising. Karibu, mwanangu. Wataka kuonja, au wataka kutazama tu?"

"Nataka kwanza kuelewa, kogo, kisha nionje."

"Basi keti. Anayeelewa hanywi amesimama."

Ataelezwa kwamba kibuyu huoshwa kwanza kwa ufagio wa sosiot, ulio kama brashi ndefu iingiayo mpaka chini. Kisha kijiti cha mti uitwao senetwet huchomwa moto, na kaa lake likiwa bado jekundu hutiwa ndani ya kibuyu, likapondwa na kusuguliwa kwa ule ufagio mpaka ndani yote pawe peusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafungwa, kikawekwa mahali pa baridi siku kadhaa. Yatokayo ni mursik: mazito, yenye rangi ya majivu ya buluu, na ladha ambayo mgeni hukunja uso kwa kikombe cha kwanza na kuomba cha pili. Watu waliokuwa hawana friji walijua kuyatunza maziwa kwa moshi na kaa. Kijana aliyesoma kemia anaweza kueleza sababu yake. Nyanya yake alijua kipimo chake.

Akina mama hawa hawajui kwamba wao ni wa kale. Wanauza maziwa. Lakini mashindano ya mbio yakiisha ng'ambo, na mwanariadha wa Uasin Gishu au Nandi akirudi na medali, wazee humngoja uwanja wa ndege wa Eldoret na kibuyu kilekile, naye hainywi soda wala mvinyo. Huinama akanywa mursik mbele ya watu wote. Hapo vyombo vya habari vya dunia hupiga picha, na wengi hudhani ni mambo ya maonyesho. Si maonyesho. Hivyo ndivyo aliyerudi salama alivyopokewa.

Mtembezi akiwa na sikio zuri, atasikia pia mambo ya kale yakiitwa sokoni kila dakika, maana yamo katika majina. Kiprono alizaliwa mbuzi wakirudi zizini, Kiprotich, ng'ombe wakirudi, Kipkoech, kulipopambazuka. Msichana huwa Cherono au Cherotich. Mtoto amezaliwa katika wodi ya hospitali, chini ya taa ya umeme, mjini ambamo hakuna mbuzi hata mmoja. Na nyanya yake huuliza ni saa ngapi, kisha humpa jina la saa ya mbuzi.

Kuhusu mbio, hapa ni lazima kusimama kidogo, na kutoka Kenya kwa muda.

Katika mwezi wa Oktoba 1968 michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio juu kidogo tu kuliko Eldoret. Huko Kipchoge Keino, aliyezaliwa Nandi akakua bila wazazi, alikuwa mgonjwa wa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 alianguka kwa maumivu. Daktari alimkataza kukimbia tena. Siku ya mbio za mita 1,500 gari lililomchukua likakwama katika msongamano, naye, kama isimuliwavyo, akashuka akakimbia maili moja hivi kwenda uwanjani. Kisha akamshinda Mmarekani Jim Ryun kwa yadi 20 hivi, kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Uwanja wa michezo wa Eldoret una jina lake, na shamba lake karibu na mji limelea watoto wengi yatima.

Mji ule wa Mexico una jambo la kuwafaa watu wa Eldoret zaidi ya medali. Zamani uliitwa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, na Wahispania waliuteka mwaka 1521. Wakabomoa hekalu kubwa, na kwa mawe yake wakajenga nyumba zao na kanisa kuu kando yake. Kwa zaidi ya miaka 400 watu wakapita juu ya hekalu wasijue walipokanyaga. Mwezi wa Februari 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba mtaro usiku wakagonga jiwe la mviringo lenye sura ya mungu wa kike wa kale. Serikali ikazibomoa nyumba zilizokuwa juu, ikalifunua hekalu, na leo mtu atembeaye kwa miguu katikati ya mji ule huona kanisa na hekalu vimekaa jirani, mshindi na aliyeshindwa, wote wawili wakiwa na cheti cha kuzaliwa.

Eldoret haikujengwa juu ya hekalu. Iliyo chini yake na kandokando yake ni kitu kinyenyekevu zaidi, na kwa hiyo chepesi kupotea: mashimo.

Mtembezi akitoka mjini kwa upande wa Sergoit na Moiben, au akishuka kuelekea Nandi, aombe ruhusa kwa wenye mashamba, kisha atazame miteremko. Ataona mahali ardhi imebonyea kama sahani kubwa, upana wake futi 30 hadi 50 na mengine zaidi, majani yake yakiwa mabichi kuliko ya jirani. Upande wa chini wa mteremko pana pengo kama mlango, na mbele ya pengo pana kichuguu cha udongo mweusi. Mara nyingi hayako peke yake. Huwa matano, kumi, hata zaidi pamoja. Penye mawe mengi, kama katika uwanda huu, kingo zake zilijengewa kuta za mawe. Hayo ndiyo wazee wayaitayo mashimo ya Sirikwa.

Wazee husema Sirikwa walikuwa watu wa kale wenye ng'ombe wengi, waliokaa hapa kabla ya Wamasai, kisha wakahama. Wazungu wa kwanza waliyaona mashimo wakashangaa. G. W. B. Huntingford, aliyeishi kwa Wanandi na kuandika habari zao, alidhani ni kazi ya taifa la kale la Waazania lililotoweka. Haikuwaingia wengi akilini kwamba mababu wa watu waliokuwa wakiwachungia ng'ombe wao ndio waliochimba. Katika miaka ya 1960 J. E. G. Sutton, mtaalamu wa mambo ya kale, akachimba mengi katika nyanda za magharibi, akayasoma kwa makini. Akaona kwamba mashimo hayakuwa nyumba za kukaa watu kama ilivyodhaniwa, bali mazizi. Ng'ombe waliingizwa jioni kwa mlango ule mmoja. Nyumba ya mwenyewe iliunganishwa ubavuni, na asiyepita zizini hafiki nyumbani. Kile kichuguu cha mbele ni samadi na tope lililozolewa zizini kila asubuhi na kumwagwa chini ya mlango, siku kwa siku, mpaka pakawa kilima. Kazi hiyo ilianza yapata mwaka 1200 ikadumu mpaka karne ya 18, na watu wale hawakutoweka: kwa sehemu kubwa wamo katika damu na lugha ya Wakalenjin wa leo, na wengine wao waliingia katika Wamasai.

Msomaji mwenye ng'ombe ataelewa kichuguu kile kuliko mtaalamu yeyote. Ni nani asiyezoa samadi asubuhi? Mtu aliyekaa hapa miaka 500 iliyopita aliamka saa ileile, kwa baridi ileile, akaushika ufagio, akalaani ndama aliyemkanyaga. Ndiye aliyeandikwa baadaye kwamba hayuko.

Sasa mashimo yanakwisha. Hayavunjwi na adui. Hulimwa na wenyewe. Trekta halipendi bonde katikati ya shamba la mahindi, na dereva akipita misimu mitatu minne, ukingo humomonyoka, kichuguu husambaa, na shimo hujaa. Udongo wa kichuguu ni wa samadi, mahindi hustawi juu yake, basi mkulima huona faida. Mashamba nayo yamegawanyika. Mahali palipokuwa ekari mia za mtu mmoja pana watoto na wajukuu kila mmoja na ekari mbili, na mwenye ekari mbili hawezi kumwachia Sirikwa nusu ekari kwa heshima tu. Mji unapanuka pia. Eldoret ilifanywa jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano katika Kenya, na viwanja vya nyumba vimefika palipokuwa ngano juzi. Iko Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inayolinda vitu vya namna hii, lakini karatasi haisimami mbele ya trekta. Huko Nakuru, mashimo ya Hyrax Hill, aliyoyachimba Mary Leakey tangu mwaka 1937, yana uzio na makumbusho. Watoto wa shule hupelekwa wakayaona. Watoto wa Uasin Gishu huyaruka wakienda shule, na wengi hudhani Wazungu walichimba murram hapo.

Kuna wasemao kwamba mambo haya heri yaachwe, maana kuuliza nani alikuwa hapa kwanza kumeleta damu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Baada ya Uhuru mashamba ya Makaburu yalinunuliwa na watu wa makabila mengi, Wanandi, Wakikuyu, Waluhya na wengineo, wengine wakichanga fedha katika vyama vya kununua ardhi. Tarehe 1 Januari 2008, katika fujo zilizofuata uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakafa, wanawake na watoto wakiwamo. Mtembezi akifika huko, avue kofia, na asiulize mtu ye yote kabila lake.

Lakini mashimo yenyewe hayasemi walivyosema waliochoma. Yakisomwa sawasawa, husema kwamba Sirikwa walikuwa hapa wakahama au wakageuka kuwa wengine. Wamasai wakaja wakavunjwa. Wanandi wakaja wakasukumwa, wakarudi. Makaburu wakaja wakaenda baada ya miaka 55 hivi. Anayeingia katika shimo la Sirikwa kutafuta hati ya shamba atatoka na tope tu. Aliyesema nchi ni tupu alikosea, naye asemaye nchi ni yangu peke yangu tangu mwanzo atapata taabu kuonyesha ni mwanzo upi.

Kwa mtu atakaye kufanya matembezi haya, mwezi wa Januari na Februari ndio mzuri, njia ni kavu na mahindi hayajapandwa, hivyo mashimo huonekana wazi kutoka mbali, hasa jua likiwa chini asubuhi na jioni, kivuli kikilala ndani yake. Tangu Aprili mpaka Septemba mvua hunyesha karibu kila alasiri, na asiyerudi kabla ya saa nane atalowa. Maji ya mvua hutuama katika mashimo siku mbili tatu. Ng'ombe hawajafunzwa historia, lakini mtembezi akipita jioni huwaona wakishuka humo mmoja mmoja kwa ule mlango wa upande wa chini, wakanywa, wakatoka kwa mlango uleule.